Mwaka wa Bani la Mama Editha

Tulipomzika Mwalimu Lameck mwezi uliopita, watu walisema mengi mazuri juu yake, nami niliyakubali yote, hata yale ambayo mwenyewe angeyacheka. Walisema alisomesha nusu ya mji wa Tabora katika masomo ya jioni. Mimi ningesema mji mzima, pamoja na mbuzi waliokuwa wakichungulia dirishani. Walisema alikuwa mtetezi wa mazingira, alihojiwa redioni, alikaa meza moja na wakubwa. Hakuna aliyetaja safari zetu za Kigwa. Baada ya mazishi nilifuatana na Shabani, niliyekuwa naye darasa moja na kikundi kimoja, hadi nyumbani kwake Ng'ambo. Tulikaa sebuleni chini ya feni ambayo haijazunguka tangu inunuliwe, mkewe akatuletea chai ya tangawizi na vitumbua vya moto, na Shabani akaniuliza, "Kabula, hivi kweli hata mmoja hakuikumbuka siku ya majembe?" Nikamwambia wanaoikumbuka tumebaki sisi wawili, na kati yetu mmoja ni mwongo. "Nani?" akauliza. "Tuanze kusimulia," nikasema, "atajulikana tu."

Habari za ukoo wangu nitaziruka; ni ndefu, na nusu ya wahusika bado wapo na wana simu. Itoshe kujua kwamba mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mchana nakaanga maandazi na kupika wali na maharage kwenye kibanda karibu na stesheni, jioni nakimbilia darasani nikinukia mafuta hadi wenzangu wanapata njaa katikati ya somo. Darasa letu lilikuwa chumba cha shule ya msingi, na madawati yake yametengenezwa kwa watoto wa darasa la pili. Ukikaa, magoti yanakutana na kidevu. Hesabu nilikuwa nimeifeli mpaka yenyewe ikaanza kunionea haya. Lakini jiografia niliipenda, kwa sababu ya Mwalimu Lameck, mwanamume mwembamba ambaye shati lake lilipigwa pasi kiasi kwamba lingeweza kwenda kazini bila yeye. Siku moja aliacha kitabu akatuuliza kila mtu alikumbuka mvua za kwanza za utotoni zilinyesha lini. Wazee wa darasa, na walikuwepo wenye wajukuu, wakaanza kubishana, na katika ubishi ule ikaonekana kwamba sote tulikuwa tunaizungumzia mvua kama jirani aliyehama. Mwalimu akasema, "Mnaona? Hili tunaweza kulilia, au tunaweza kulifanyia kazi." Jumamosi iliyofuata tukawa kikundi cha kujitolea. Posho hakuna, nauli hakuna, sare hakuna. Tulikuwa na mabango tuliyoyachora wenyewe, na mti wangu mmoja watu wote waliudhania kuwa ni kuku.

Kazi yetu ilikuwa kuwashawishi watu wa vijijini na viongozi wao waiingize tabianchi kwenye sheria ndogo, na kwa upande wetu wa nchi huwezi kulitaja jambo hilo bila kutaja tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto ndani ya bani, kibanda kirefu cha udongo kisicho na madirisha, na moto ule hauzimwi usiku wala mchana mpaka majani yawe na rangi ya asali. Bani la zamani linameza miti. Nimeona bani likila mti mzima asubuhi na kufikia adhuhuri limeanza kuwatazama watu. Milima iliyokuwa na miyombo mizito ilikuwa imebaki na visiki, na visima vilivyokuwa vikifika hadi Oktoba vikawa vinakauka Julai. Afisa mmoja wa halmashauri, mtu mpole, alimwambia Mwalimu, "Nileteeni kijiji kimoja tu kilichopitisha sheria hiyo kwenye mkutano mkuu, kwa hiari yao. Kikiwepo kimoja nitakuwa na la kuwaambia vingine." Tangu siku ile Mwalimu hakulala vizuri. Akaiandika sheria mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: msitu wa mlimani usiguswe, na kuanzia siku ya kupitishwa, kila bani la zamani lifungwe.

Kijiji tulichokichagua kiko ng'ambo ya reli kutoka Kigwa; jina lake naliacha, wenyewe wanajijua. Tulishuka kwenye treni asubuhi ya mawingu, Mwalimu, Shabani na mimi, nami nimejitwika mabango kichwani, uzito wake kama ndovu wawili na ndama wao. Shabani akasema hii ndiyo njia waliyopita wapagazi wa zamani, babu zetu waliobeba pembe hadi pwani kwa miguu. Nikamwambia babu zetu angalau walikuwa wanaimba, wewe unahema tu. Mwenyekiti wa kijiji akatupangia kufikia kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Editha, Mmoraviani, mkulima wa tumbaku, mwenye binti mmoja, huyo Editha, aliyekuwa bwenini. "Shikamoo mama," tukasema wote watatu kama wanafunzi. "Marahaba wanangu. Karibuni. Huyu mwembamba naye ni wenu, au mmemwokota njiani?" Mwalimu Lameck, ambaye darasani hatukuthubutu hata kupiga chafya mbele yake, akainamisha kichwa na kucheka.

Naikumbuka nyumba ile kuliko nyumba nilizowahi kupanga. Ilikuwa na vyumba viwili vya udongo chini ya nyasi, sakafu imesiribwa ikang'aa, na ukutani imetundikwa kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka ule. Jikoni kulikuwa na harufu ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo alitupa asubuhi pamoja na karanga, na mchana ugali kwa mlenda na uyoga wa msituni. Mimi ni mpishi, nasema kwa kiapo: uyoga ule ungeweza kumrudisha mtu aliyekwisha kuandikiwa hati ya kifo. Nyuma ya nyumba, chini ya nyasi, palikuwa na rundo la tofali za kuchoma. Alikuwa amezikusanya misimu kadhaa kwa ajili ya nyumba ya kisasa, na kila jioni alilizunguka rundo lile akilitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake. Na mbele, upande wa shamba, lilisimama bani lake, la zamani, lenye nyufa ambazo ungeweza kupitisha mkono na bangili zake.

Sikuwa na nia ya kusikiliza mazungumzo ya watu. Nilikuwa naosha sufuria uani, nao walikuwa jikoni wakizungumza Kinyamwezi, wakidhani sisi wa mjini tumekisahau. Aliyekuja alikuwa Mzee Kulwa, kiongozi wa kikundi cha kulima cha kijiji, mtu wa masihara ambaye hata salamu yake ilikuwa na mzaha ndani. Siku hiyo hakuwa na mzaha. "Unawalisha watakaokufungia bani," alisema. Mama Editha akajibu, "Mgeni halali na njaa kwangu." "Sikiliza, mayu, mama yetu. Mkutano ni mwezi ujao. Majani yako yanaiva mwezi huohuo. Wakilifunga utayakaushia wapi, kichwani?" Nikasikia mwiko ukigeuza ugali. Kisha akasema, "Najua." Neno hilo tu. Jani la tumbaku likiiva halina subira. Usipolitia moto linaoza likiwa mikononi mwako. Chakula cha mwaka mzima, sabuni, na shule ya Editha, vyote vilikuwa kwenye majani yale. Na yeye alijua hayo tangu siku ya kwanza alipotutandikia mikeka.

Nilimfuata Mwalimu chini ya mchirizi wa nyumba, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, alikuwa msikilizaji mzuri, kisha akasema, "Kabula, kila bani lina mtu wake wa kuonewa huruma. Tukianza kusubiri, tutamsubiri kila mtu, na mlima ule hautatusubiri." Na alikuwa anasema kweli. Nimeishi na jambo hilo tangu siku ile: kwamba mtu anaweza kusema kweli na bado nyuma ya nyumba mama anaandaliwa hasara. Shabani, akiwa na kitumbua mdomoni, ananikatiza hapa kwamba mimi wakati ule nilikuwa nalia. Sikulia. Ilikuwa moshi. Moshi wa jikoni ulinifuata hadi nje, ukaniandama kwa muda mrefu.

Basi tukaitisha kikao cha kuwaelimisha watu kabla ya mkutano mkuu. Wakaja watu wachache sana. Nikihesabu na kuku, tungejaza benchi moja. Ilikuwa masika ya kulima, nani atakuja kutazama mabango? Hapo ndipo Shabani akapata wazo. Mjini alikuwa kibarua wa fundi uashi, lakini Jumamosi alipiga ngoma harusini, na kule kijijini kila alfajiri alikuwa akisikiliza ngoma za kikundi cha Mzee Kulwa zikipita na kulipenda pigo moja kuliko yote. "Mjini ukitaka watu, unapiga ngoma," akasema. Akaenda kumwomba Mzee Kulwa ngoma kubwa. Mzee Kulwa akamtazama, akatazama mikono yake, akasema, "Chukua, mjukuu wangu. Piga unavyojua." Shabani mpaka leo anaapa kwamba mzee yule alijua kitakachotokea. Mimi nasema hakujua, alitumaini tu. Asubuhi iliyofuata Shabani akasimama mbele ya nyumba ya Mama Editha akalipiga pigo lile alilolipenda, kwa ufundi wote wa harusi za Tabora, na mlima ukaitikia.

Wakaja. Shabani anasema hawakuzidi sitini. Mimi nasema kilikuja kijiji kizima, na nusu ya Kigwa, na abiria wa treni iliyokuwa inapita. Walikuja wanaume na wanawake, wamefunga viuno, wanaimba, na kila mmoja ana jembe begani. Mwalimu Lameck, aliyekuwa amekwisha kutundika mabango, uso ukamng'aa kwa furaha. "Karibuni ndugu wananchi!" akasema. "Kaeni, kaeni." Hakuna aliyekaa. Mwanamke mmoja wa mbele akauliza, "Shamba liko wapi?" Mwalimu akasema, "Leo hakuna shamba, leo ni elimu ya mabadiliko ya tabianchi." Wakatazamana. "Na uji?" "Uji gani?" Hapo kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele kama mvua inavyovuka bonde.

Mzee Kulwa akajitokeza katikati, jembe begani, akamwamkia Mwalimu kwa heshima zote. "Mwangaluka, Mwalimu. Kuna jambo wageni hamkuambiwa. Pigo lile ni la kuitana kulima. Anayelipiga ana shamba, na ana chungu motoni. Sisi tumeacha mahindi yetu kwenye magugu. Sasa, shamba lako ni lipi tukalilime?" "Mzee, samahani sana, hatukujua." "Kutojua si kosa. Ila watu wameitwa. Kwetu aliyeita watu na majembe akawarudisha nyumbani mikono mitupu, akifa hachimbiwi kaburi na mtu." Mmoja akapaza sauti, "Tumlime yeye mwenyewe!" "Yule? Mwembamba vile, jembe litateleza!" Watu wakacheka hadi wengine wakaegemea mipini. Nilimtazama Mwalimu akiwa amesimama katikati ya mabango yake, shati lake lililonyooka limeanza kulowa mgongoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa mtu anayeweza kuaibika.

Mama Editha akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mnamchekea nini? Ngoma imepigwa uani kwangu. Mimi ndiye niliyewaita." "Una shamba la kulimwa leo?" akauliza Mzee Kulwa, maana shamba lake lilikuwa safi kama sinia. Mama Editha akamgeukia Shabani, "Wewe kijana, si umesema una ufundi? Lile bani lisilokula kuni, mlilolichora kwenye bango lenu, unaweza kulijenga kwa haya macho na hii mikono?" Shabani akasema anaweza, tanuri dogo la tofali, njia ya moto ya kupita chini, bomba la kutolea moshi, na kuziba nyufa. Ila tofali zitoke wapi? Mama Editha hakujibu kwa mdomo. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaanza kuondoa nyasi juu ya rundo lake.

Siku ile nilipika. Nimepikia misiba, harusi, ziara za viongozi, lakini moto wa siku ile haujanitoka mikononi. Maharage, ugali, matobolwa, kila kilichokuwa ndani ya nyumba ile kiliingia chunguni, na majirani wakaleta vyao. Majembe yaliyokuja kulima yalichimba mfereji wa moto, yakachimba udongo, na miguu ikaukanyaga kwa mwendo wa ngoma. Tofali zilipita mkono kwa mkono kutoka nyuma ya nyumba hadi bani. Shabani alisimama juu ya ukuta akitoa amri kama gavana. Mwalimu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope, na wanawake wakamfundisha kukanyaga. "Mwalimu, unakanyaga au unaogopa nyoka?" "Ninajifunza, mama." "Jifunze haraka, jua linazama." Kazi ya siku kadhaa zilizofuata ilikuwa ndogo, ya kumalizia. Walipowasha moto wa kujaribu, kuni chache za matawi makavu zilitosha kulipasha bani lote, na watu waliweka viganja ukutani wakasema, "Lo!" Jioni hiyo Mama Editha hakuzunguka nyuma ya nyumba. Hakukuwa na cha kuzunguka.

Mwalimu aliamini mambo yamekwisha. Nami niliamini. Mkutano mkuu ukakaa majani yalipoanza kuvunwa, mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamejaa kweli safari hii, maana Shabani alikatazwa kugusa ngoma na mwenyekiti akatuma watoto wa shule nyumba kwa nyumba. Mwalimu akaisoma sheria yake kwa sauti ileile ya darasani. Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono mingi ikanyooka, mingine kwa kusitasita. Mama Editha alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono yake imo ndani ya kanga. Mwalimu akamwona. "Mama Editha," akasema taratibu, "hukusikia?"

Akasimama. "Nimesikia, mwanangu. Msitu ufungwe, nakubali. Kisima kinachokauka ndicho ninachochota mimi. Bani langu nanyi mmeliona, linakula kuni kidogo kama mgonjwa. Lakini bani jipya la huyu liko wapi?" akamwonyesha Mzee Kulwa. "La yule kule liko wapi? Walikuja na majembe wakanijengea. Leo ninyooshe mkono, kesho wafungiwe, wao majani yao yaoze, mimi yangu yakauke? Nitapita njia gani kwenda kanisani?" Mwalimu akasema, "Mama, tukichelewa msimu hata mmoja, ni miti mingi." "Ni kweli." "Na halmashauri inasubiri kijiji hiki kimoja." "Hilo nalo ni kweli. Mkono wangu umo humu." Mikono mingine, iliyokuwa juu kwa kusitasita, ikaanza kushuka mmoja mmoja. Nikaona kazi yetu ya mwaka mzima ikishuka nayo.

Mwalimu Lameck alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilidhani atahubiri. Badala yake akamgeukia Mzee Kulwa akauliza, "Mzee, kikundi chako kikizunguka kujenga kama kilivyojenga kwake, kitachukua muda gani kufika nyumba zote?" "Inategemea wapishi," akasema Mzee Kulwa, na watu wakacheka, lakini mwenyewe aliendelea akiwa makini. "Watu wafyatue tofali kiangazi. Tukimaliza mavuno tunaanza. Misimu miwili. Labda mitatu." "Na msitu?" "Msitu mfunge leo. Tutaokota matawi makavu." Mwalimu akatazama karatasi yake. Alikuwa ameiandika mara nyingi, naijua kazi ile, na kile kifungu cha kufunga mabani ndicho alichokipenda kuliko vyote. Akakikata kwa mstari mmoja.

"Basi mabani ya zamani yatafungwa," akasema, "lakini si kabla kikundi hakijafika." Mama Editha hakutikisika. "Iandike kwanza," akasema. Mwalimu akapiga goti kwenye vumbi, karatasi juu ya paja, na kalamu ikasimama hewani. Akanigeukia mimi, mwanafunzi wake aliyefeli hesabu, akaninong'oneza, "Kabula, hili kwa lugha ya sheria linaandikwaje? Kwamba hakuna bani litakalofungwa mpaka..." "Mpaka ngoma ifike," nikasema. "Halmashauri watacheka." "Andika hivyohivyo, Mwalimu. Hapa hakuna asiyeelewa." Akaandika hivyohivyo. Akasimama, magoti yake mekundu kwa vumbi, akaisoma kwa sauti, na mwenyekiti akauliza tena wanaokubali. Mama Editha akautoa mkono wake ndani ya kanga, mweusi hadi kwenye kifundo kwa utomvu wa majani aliyoyavuna asubuhi ile, akaunyoosha juu kabisa.